Simu ya Intaneti Inapogoma: Kusoma Dalili Hadi Kufikia Chanzo

Malalamiko kuhusu simu ya intaneti karibu yote huja kwa maneno yaleyale: "Simu haifanyi kazi." Ndani ya maneno hayo kuna hitilafu nyingi zisizohusiana. Simu isiyoita, simu inayopokewa kisha kukawa kimya, simu inayokatika yenyewe baada ya nusu dakika, simu inayotoka lakini haiingii: kila moja ina chanzo chake, na kila moja huacha alama kwenye ujumbe unaopita mtandaoni. Ukizoea kusoma alama hizo kabla ya kugusa chochote, hitilafu nyingi utazimaliza mapema. Ukianza kwa kubadilisha mipangilio kwa kubahatisha, baada ya saa moja hutajua tena ni kipi kilikuwa kibovu tangu mwanzo na ni kipi umekiharibu wewe.

Njia mbili, si moja

Simu ya intaneti hupita njia mbili. Ya kwanza ni ya ishara: nani anampigia nani, simu inaita, imepokewa, imekatwa. Njia hii huongozwa na itifaki (kanuni za mawasiliano) ya SIP, ambayo toleo lake linalotumika hadi leo lilichapishwa Juni 2002 kama RFC 3261; RFC ni hati za viwango vya intaneti. Kwa kawaida hutumia poti (namba ya mlango kwenye kifaa) 5060, kwa UDP, ambayo hutuma pakiti bila kuthibitisha kama zimefika, au TCP, ambayo huthibitisha, na poti 5061 pale ujumbe unapolindwa kwa usimbaji wa TLS. Njia ya pili ni ya sauti yenyewe. Sauti hubebwa na itifaki ya RTP, karibu kila mara kwa UDP, kwenye poti nyingine kabisa zinazochaguliwa upya kwa kila simu. Faili la mfano linalokuja na Asterisk, programu ya seva ya simu, huweka poti za sauti kati ya 10000 na 20000.

SIP ni mshenga tu: hupeleka maneno ya makubaliano, kisha wahusika wanazungumza wenyewe. Ndiyo maana simu inaweza kuita vizuri, ikapokewa vizuri, na bado kusisikike hata neno moja. Kwa hiyo swali la kwanza mbele ya dalili yoyote ni hili: je, kilichokwama ni ishara au ni sauti? Jibu lake hukuondolea nusu ya mambo ya kukagua.

Simu iliyo salama huenda hivi. Kifaa hutuma REGISTER kwa seva kueleza kinapatikana kwenye anwani gani. Mtu akipiga, kifaa chake hutuma INVITE. Seva hujibu 100, maana yake "nimepokea, nashughulikia". Kifaa cha upande wa pili kikianza kuita, jibu la 180 linarudi. Kikipokelewa, linarudi 200. Mpigaji naye huthibitisha kwa ACK, na hapo sauti huanza kutiririka pande zote. Anayekata simu hutuma BYE, mwenzake hujibu 200, yamekwisha.

Ndani ya INVITE na ndani ya lile jibu la 200 kuna maelezo mafupi ya sauti yanayoitwa SDP. Kila upande hutaja humo anwani na poti unayotaka kupokelea sauti, pamoja na kodeki (namna za kugeuza sauti kuwa data) unazozifahamu. Mistari ya kuizoea ni hii:

```
c=IN IP4 192.168.1.20
m=audio 11874 RTP/AVP 8 0 101
a=rtpmap:101 telephone-event/8000
```

Mstari wa c ni anwani. Mstari wa m ni poti na orodha ya kodeki: 8 na 0 ni aina mbili za kodeki ya G.711, na 101 hapa ni ya vitufe vinavyobonyezwa wakati wa simu. Ishike picha hii, kwa sababu hitilafu nyingi sana hukaa ndani ya mistari hii mitatu.

Tazama ujumbe kwanza

Ujumbe wa SIP ni maandishi ya kawaida yanayosomeka kwa macho, na hilo ni faida kubwa kwa anayejifunza. Kwenye seva ya Linux, programu ya sngrep huonyesha kila simu kama mishale inayokwenda na kurudi. Wireshark hufanya hivyohivyo kwenye kompyuta ya mezani, na huweza hata kukusikilizisha sauti iliyonaswa kama haikusimbwa. Kama huna chochote kati ya hivyo, tcpdump itahifadhi pakiti kwenye faili uzichambue baadaye. Kwenye Asterisk, amri ya `pjsip set logger on` huonyesha ishara, na `rtp set debug on` huonyesha pakiti za sauti moja baada ya nyingine.

Ukiweza, nasa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ujumbe uliotoka kwenye kifaa bila kufika kwenye seva una maana tofauti kabisa na ujumbe uliofika na kupuuzwa, na huwezi kutofautisha hayo mawili kwa kutazama upande mmoja.

Kifaa hakijisajili

Angalia kama REGISTER inapata jibu lolote. Kama ni kimya kabisa, tatizo bado halijafika kwenye nenosiri. Hakikisha jina la seva linatafsiriwa kuwa anwani sahihi ya IP, poti ni ileile ambayo seva inasikiliza, na faiawoli ya njiani haizuii. Kuna chanzo kingine ambacho husahaulika. Seva nyingi zina programu kama fail2ban, ambayo hufungia anwani ya IP baada ya nenosiri kukosewa mara kadhaa. Kifaa kimoja chenye nenosiri la zamani, kilichoachwa kwenye kona ya ofisi, kinaweza kufungisha ofisi nzima, kwa kuwa vyote hutoka kwa anwani moja ya nje. Dalili yake ni kwamba vifaa vyote vya sehemu moja vinapotea kwa pamoja, huku vya sehemu nyingine vikiendelea vizuri.

Kama jibu linarudi, soma namba yake. Jibu la kwanza la 401 si kosa. Wanaoanza hulikimbilia wakidhani wamepata mchawi, kumbe ndivyo utaratibu ulivyo: seva hutoa fumbo, kifaa hurudia REGISTER kikiwa na jawabu lililokokotolewa kutokana na nenosiri, na nenosiri lenyewe halipiti mtandaoni. Kosa ni 401 ya pili, ile inayokuja baada ya jawabu kutolewa. Hapo nenosiri limekosewa, au jina la kujitambulisha ni tofauti na namba ya simu. Vifaa vingi vina sehemu mbili, ya jina la mtumiaji na ya jina la uthibitisho, na baadhi ya seva hutaka ziwe tofauti. Jibu la 403 maana yake seva imekufahamu na imekataa. Jibu la 404 maana yake haina habari na namba hiyo, na mara nyingi ni kosa la herufi au jina la kikoa.

Simu zinatoka lakini haziingii

Kifaa kinaonekana kimejisajili, mtu anapiga nje bila shida, lakini anayempigia hampati. Wakati mwingine anapatikana kwa dakika moja baada ya kuwasha kifaa, kisha anapotea. Dalili hii karibu kila mara ni ya NAT, yaani ruta kubadilisha anwani za ndani kuwa anwani ya nje.

Kifaa kilicho nyuma ya ruta kina anwani ya ndani, kwa mfano 192.168.1.20. Kinapotuma REGISTER, ruta hufungua tundu la muda, huandika kwenye kumbukumbu yake kwamba majibu ya tundu hilo yapelekwe kwa kifaa hicho, kisha hutuma ujumbe kwa anwani ya nje. Kwa UDP ruta haina njia ya kujua kama mazungumzo yameisha, hivyo pakiti zisipopita kwa muda fulani inafunga tundu. RFC 4787 inataka muda huo usipungue dakika 2, lakini ruta nyingi hufunga baada ya sekunde 30 au 60. Usajili nao kwa kawaida hudumu sekunde 3600. Kwa hiyo seva inaamini kifaa kipo kwa saa nzima, wakati mlango wa kukifikia ulifungwa zamani. INVITE ya kuingia inagonga ukuta. Simu za kutoka zinafanikiwa kwa kuwa kila mara kifaa chenyewe ndicho kinachofungua tundu jipya.

Dawa ni kuliweka tundu wazi. Fanya seva itume OPTIONS, ujumbe mfupi wa kuuliza kama kifaa kipo, kwa kifaa kila sekunde 30 hivi (kwenye Asterisk ni `qualify_frequency`), au fupisha muda wa usajili, au hamia TCP ama TLS, ambako ruta huvumilia muunganisho uliotulia kwa muda mrefu zaidi. Mimi huanza na OPTIONS, kwa sababu inatatua tatizo na wakati huohuo inakupa taarifa ya kifaa kilichopotea kabla mtu hajalalamika.

Sababu nyingine ni mstari wa Contact, ambamo kifaa hutaja anwani ya kukipata. Kifaa kikiandika humo anwani yake ya ndani, seva isiyorekebisha itajaribu kupiga 192.168.1.20 kwenye mtandao wake yenyewe. Iambie Asterisk itumie anwani ambayo pakiti imetoka kweli: `rewrite_contact` na `force_rport` ndizo zinazofanya kazi hiyo.

REGISTER inafika, INVITE haifiki

Hili huwachanganya hata wazoefu, kwa sababu anwani ni ileile, poti ni ileile, na njia ni ileile. Tofauti ni ukubwa. REGISTER ni ujumbe mdogo. INVITE hubeba SDP, na ukiwasha kodeki kumi na usimbaji wa sauti juu yake, inaweza kuzidi baiti 1500 ambazo mitandao mingi hubeba kwa pakiti moja. UDP ikizidi hapo hukatwa vipande, na ruta au faiawoli nyingi hutupa vipande vya pili. RFC 3261 inaelekeza kwamba ujumbe unaozidi baiti 1300, pale ambapo uwezo wa njia haujulikani, upelekwe kwa itifaki kama TCP, lakini vifaa vingi havifuati.

Jaribio lake ni jepesi: acha kodeki moja tu kwenye kifaa, kisha piga. Ikifanikiwa, umempata. Punguza orodha ya kodeki iwe mbili au tatu unazozihitaji, au tumia TCP.

Kwenye picha ya sngrep utaona INVITE ileile ikirudiwa bila jibu, na nafasi kati ya marudio ikiongezeka maradufu: nusu sekunde, sekunde moja, mbili, nne, nane, kumi na sita. Baada ya sekunde 32 kifaa kinakata tamaa. Ukiona ngazi hiyo ya marudio popote, jua ujumbe haufiki au jibu halirudi. Usipoteze muda kwenye nenosiri.

Simu inakataliwa kwa namba ya kosa

Hapa kazi ni rahisi kwa kuwa mtandao wenyewe unakuambia. 404: namba haijulikani kwenye mpango wa upigaji (kanuni za seva za kupeleka namba). 484: tarakimu hazijatimia. 480: mwenye simu hapatikani kwa sasa, mara nyingi hajajisajili. 486: anaongea na mwingine. 603: amekataa. 487 si hitilafu, ni jibu la kawaida mpigaji anapokata kabla hajapokelewa. 503: seva au mtoa huduma amezidiwa au laini zake zimejaa.

488 inahitaji neno zaidi. Maana yake pande mbili zimeshindwa kuafikiana juu ya sauti. Ama hakuna kodeki hata moja inayofanana, ama upande mmoja unadai sauti iliyosimbwa na mwingine hauna uwezo huo. Linganisha mistari ya m: ukiona mmoja una RTP/SAVP (sauti iliyosimbwa) na seva imepangwa kwa RTP/AVP (isiyosimbwa), jibu liko hapo.

Kabla ya kurekebisha chochote, tafuta jibu hilo limetoka kwa nani. Simu moja inaweza kupita kwenye seva tatu, na 404 iliyotolewa na mtoa huduma haitibiwi kwenye seva yako. Mstari wa Server au User-Agent ndani ya jibu hutaja programu iliyolitoa, na mishale ya sngrep huonyesha limetoka upande gani.

Simu imepokewa, mmoja hasikii

Hii ndiyo hitilafu maarufu kuliko zote, na anayeielewa vizuri ameielewa simu ya intaneti. Ishara zimefanya kazi yote. Sauti ya upande mmoja inafika, ya upande wa pili inapotelea njiani.

Rudi kwenye ile mistari ya SDP. Kifaa chenye anwani 192.168.1.20 kimeandika "nitumieni sauti kwa 192.168.1.20, poti 11874". Aliye nje ya mtandao huo akilitii agizo hilo, pakiti zake hazina pa kwenda, maana anwani zinazoanza na 192.168, zile za 10 na zile za kuanzia 172.16 hadi 172.31 ni za ndani na hazipitishwi kwenye intaneti. Kinyume chake, kifaa chenyewe kinatuma sauti kwa seva yenye anwani ya wazi, tuseme 203.0.113.5, nayo inafika salama. Matokeo: aliye nje anasikia, aliye nyuma ya ruta hasikii.

Anza basi na swali: ni nani hasikii? Asiyesikia ndiye ambaye SDP yake ina uwezekano mkubwa wa kuwa na anwani mbovu, kwa kuwa yeye ndiye aliyetoa maelekezo ya mahali pa kumtumia. Fungua INVITE au jibu la 200 lililotoka upande wake, usome mstari wa c.

Kama anwani mbovu ni ya kifaa, njia iliyo imara zaidi ni kuiambia seva isiutegemee mstari wa c, ila isubiri pakiti ya kwanza ya sauti kutoka kwa kifaa na kurudisha sauti hapohapo ilipotoka. Kwenye Asterisk mpangilio huo ni `rtp_symmetric`. Kama anwani mbovu ni ya seva, maana seva nayo iko nyuma ya ruta au kwenye wingu lenye anwani ya ndani, basi seva haijui anwani yake ya nje. Iandikie: `external_media_address` kwa sauti, `external_signaling_address` kwa ishara, na `local_net` ili ijue ni wapi isibadilishe. Ukisahau la mwisho, simu za ndani ya ofisi ndizo zitakazoanza kuharibika. Kuna pia mbinu za kuvuka NAT: STUN husaidia kifaa kujua anwani yake ya nje, ICE ni ya lazima kwenye simu za kivinjari, na TURN mara nyingi huhitajika huko, lakini kwa ofisi ya kawaida yenye seva moja, mipangilio ya seva ikiwa sahihi hutazihitaji.

Anwani zote zikiwa sawa na bado kuna ukimya, tazama poti. Watu hufungua 5060 kwenye faiawoli wakadhani wamemaliza. Poti za sauti nazo zinatakiwa kufunguliwa, kwa UDP, na zilingane na zile zilizoandikwa kwenye seva. Ukimya wa pande zote mbili mara nyingi chanzo chake ni hiki.

Kisha kuna SIP ALG, kipengele cha ruta kinachodai kusaidia. Husoma ujumbe wa SIP unaopita na kubadilisha anwani zilizomo. Wazo lilikuwa jema. Kwenye ruta nyingi utekelezaji wake ni mbovu: hubadilisha mstari mmoja na kuacha mwingine, au huharibu hesabu ya urefu wa ujumbe. Ushauri wangu ni kuizima kila mahali unapoweza. Kuitambua ni rahisi ukinasa pande zote mbili: mstari uliotoka kwenye kifaa na uliofika kwenye seva hautafanana.

Hali moja zaidi. Simu kati ya seva na kila kifaa ni nzuri, lakini vifaa viwili vya ofisi tofauti vikipigiana havisikilizani. Huenda seva imeviruhusu vitumiane sauti moja kwa moja bila kupitia kwake. Zima `direct_media`, na sauti yote itapita kwenye seva, ambayo pande zote mbili zinaifikia.

Simu inakatika yenyewe

Kwanza tafuta aliyetuma BYE. Pili, pima muda. Muda wa kukatika ndio ushahidi bora kuliko wote, kwa sababu viwango vya SIP vina saa zake zinazojulikana.

Inakatika kwenye sekunde ya 32 au karibu na hapo: ACK haikufika. Aliyepokea simu ametuma 200 na anasubiri uthibitisho. Asipoupata hurudia 200 tena na tena, kwanza kwa nusu sekunde, kisha kwa nafasi zinazokua hadi kufikia sekunde 4. Muda wa msingi ni nusu sekunde, na kikomo ni mara 64 ya huo, yaani sekunde 32. Hapo anakata. Wakati wote huo watu wanaongea vizuri, kwa sababu sauti haiingoji ACK. Ndiyo maana dalili hii inaonekana kama muujiza kwa asiyeijua. Chanzo huwa mstari wa Contact ndani ya jibu la 200: una anwani ya ndani, na ACK inatumwa kwa anwani hiyo badala ya kurudi njia sahihi. Tiba ni ileile ya NAT iliyotajwa juu, upande wa aliyepokea.

Inakatika kidogo baada ya dakika 15, au muda mfupi kabla ya dakika 30 kutimia: ni saa ya kikao iliyoelezwa kwenye RFC 4028. Pande mbili hukubaliana kuhakikishiana kwamba zote bado zipo. Muda wa kawaida ni sekunde 1800, na anayehusika hutuma ujumbe wa kuhuisha nusu ya muda ikifika. Ujumbe huo ukikataliwa au usipofika, simu inakatwa hapo baada ya dakika ya 15. Usipotumwa kabisa, upande mwingine hukata sekunde 32 kabla ya muda kuisha. Nasa simu ndefu moja, utazame ujumbe wa kuhuisha umeishia wapi.

Inakatika mtu anapozima maikrofoni yake kwa muda: baadhi ya vifaa huacha kutuma pakiti kukiwa kimya, na seva iliyowekewa kikomo cha kungoja sauti hudhani simu imekufa. Ongeza kikomo, au zima ukandamizaji wa ukimya kwenye kifaa.

Muda ukiwa haueleweki, leo dakika 3 na kesho dakika 40, ondoka kwenye SIP kabisa. Angalia intaneti yenyewe: anwani ya nje inayobadilika, Wi-Fi inayohama kutoka kituo kimoja hadi kingine, ruta inayojiwasha upya.

Sauti inakatika-katika, inachelewa, au inarudi kama mwangwi

G.711 hutoa sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde, kwa kawaida ikigawanywa vipande vya milisekunde 20. Hiyo ni pakiti 50 kila sekunde, kila moja ikiwa na baiti 160 za sauti na baiti 40 za vichwa vya RTP, UDP na IP. Jumla ni kilobiti 80 kwa sekunde kwa kila upande, kabla ya kuhesabu vya Ethernet. G.729 hubana sauti hadi kilobiti 8, lakini vichwa ni vilevile, hivyo mtandaoni inachukua 24. Ukijua namba hizi utaona kwamba kasi ya intaneti si chanzo cha kawaida cha sauti mbovu. Chanzo ni pakiti kupotea, au kufika kwa nafasi zisizolingana.

Mtu mmoja akipakia faili kubwa, foleni ndani ya ruta hujaa, na pakiti za sauti zinasubiri nyuma yake. Dalili ni kwamba wewe unasikia vizuri, wao wanakusikia vibaya, kwa kuwa njia ya kupandisha ndiyo nyembamba. Ipe sauti kipaumbele kwenye ruta. Vifaa huziwekea pakiti za sauti alama ya kipaumbele iitwayo DSCP 46, na kazi ya ruta ni kuiheshimu. Jaribu pia waya badala ya Wi-Fi kabla ya kununua chochote.

Ucheleweshaji ukizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja, kipimo ambacho pendekezo G.114 la shirika la viwango la ITU-T linakitaja, watu huanza kuingiliana katika maneno. Kuongeza bafa ya sauti (akiba fupi ya pakiti kabla hazijasikika) hupunguza kukatika lakini huongeza kuchelewa, kwa hiyo usiiongeze ovyo.

Mwangwi una kanuni inayookoa muda mwingi: anayeusikia siye anayeusababisha. Ukisikia sauti yako ikirudi, sauti ya spika ya mwenzako inaingia kwenye maikrofoni yake, au simu imepita kwenye kifaa cha laini ya zamani upande wake. Mwombe apunguze sauti au avae hedifoni. Ukitoweka, umethibitisha.

Vitufe havisikiki kwenye mashine ya majibu

Kuna njia tatu za kupeleka vitufe: kama mlio ndani ya sauti, kama tukio maalumu ndani ya RTP kwa mujibu wa RFC 4733, au kama ujumbe wa INFO ndani ya SIP. Pande mbili zikitumia njia tofauti, "bonyeza 1" haifiki. Mlio ndani ya sauti huharibiwa na kodeki zinazobana kama G.729. Weka RFC 4733 pande zote, na uhakikishe mstari wa telephone-event upo kwenye SDP ya wote wawili. Tarakimu zikisomwa mara mbili, kuna kifaa kinachotuma mlio na tukio kwa pamoja. Zima kimojawapo.

Simu inaita usiku na hakuna mtu

Mpigaji anaonekana kama 100, 1000 au neno lisiloeleweka. Ukipokea, kimya. Hakuna rekodi yoyote kwenye seva yako. Hizo hazikupitia kwenye seva: ni programu za kutafuta mifumo dhaifu, zinazotuma INVITE moja kwa moja kwa kila anwani yenye poti 5060 wazi. Kwenye kifaa, washa mpangilio wa kukubali simu kutoka kwa seva yako pekee, na usiielekeze poti 5060 ya ruta kwa kifaa hicho.

Kwenye seva hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa aliyepata namba ya ndani yenye nenosiri kama 1234 ataitumia kupiga namba za gharama kubwa za nchi za nje, na bili itakuja kwako. Wavamizi hupendelea usiku na siku za mapumziko, wakati hakuna anayetazama. Tumia nenosiri refu la kubahatisha kwa kila namba ya ndani, tofauti na namba yenyewe. Zuia anwani za IP zisizohusika kwenye faiawoli. Ondoa kwenye mpango wa upigaji nchi ambazo hakuna anayezipigia, na umwombe mtoa huduma aweke kikomo cha matumizi ya siku upande wake. Ukikuta tayari simu zinatoka usizozijua, simamisha kwanza laini ya mtoa huduma, ubadilishe manenosiri yote, si la namba iliyovamiwa tu, kisha uhifadhi logi kabla hazijafutwa, kwa sababu mtoa huduma atazihitaji.